Kiumbe na Maji Yake: Habari za Ernest Everett Just

Mvuvi wa dagaa katika visiwa vya Uswahilini hahitaji kalenda ya ukutani. Mbalamwezi ikikolea hukaa nyumbani akatengeneza nyavu zake. Giza likirejea hushuka pwani na taa, kwa kuwa anajua dagaa huifuata taa ya mwanadamu pale tu mbingu inapokuwa haina taa yake. Elimu hiyo hakuipata chuoni. Ameirithi kwa baba, naye baba kwa babu. Mwanzoni mwa muongo wa 1910, mbali kabisa na visiwa hivyo, katika kijiji cha Woods Hole kilichoko pwani ya Massachusetts, Marekani, kijana mmoja mweusi alikuwa akiinama gatini usiku baada ya usiku, taa mkono mmoja na wavu mdogo mkono wa pili, akingojea kitu ambacho hakuna mtu anayekila: mnyoo wa baharini.

Mnyoo huyo, ambaye wavuvi wa huko humtia katika ndoana kuwa chambo, hukaa siku zake nyingi amejichimbia chini. Akipevuka hubadilika umbo. Macho yake hukua, vijiguu vya ubavuni hutanuka vikawa kama makasia, na usiku mmoja, jua likishatua, huliacha shimo lake akapanda juu ya maji kuzaa. Madume hutangulia, wembamba na wepesi, wakizungukazunguka penye mwanga. Jike akitokea humzingira, naye akayamwaga mayai yake, na maji ya pale hubadilika rangi yakawa kama yametiwa maziwa. Kijana yule aliwahesabu usiku kwa usiku na mwezi kwa mwezi. Mwaka 1913 yeye na mwalimu wake, Frank Lillie, walichapisha waliyoyaona: kwamba minyoo hao hutoka kwa mikupuo minne, Juni, Julai, Agosti na Septemba, na kila mkupuo huanza karibu na mwezi mpevu ukakoma mwezi mpya ukishaandama. Mvuvi wa dagaa asingalishangaa. Angaliuliza tu kwa nini mambo hayo yaandikwe kana kwamba ni mapya.

Jina la kijana huyo lilikuwa Ernest Everett Just. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 katika mji wa Charleston, Carolina ya Kusini, bandari iliyopokea Waafrika wengi waliotiwa utumwani kuliko bandari nyingine yoyote ya Amerika ya Kaskazini. Babu yake na baba yake walikuwa mafundi wa kujenga magati. Kwa hiyo gati halikuwa mahali pageni kwake, ingawa wao walilijenga ili meli zifunge na yeye akalitumia kuchungulia kilichoko chini yake. Baba alifariki mwaka 1887, mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Mama yake, Mary, alikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu mweusi haukutosha kulea watoto. Shule zilipofungwa alikwenda James Island, mojawapo ya visiwa vya watu wa Gullah, kizazi cha watumwa wa mashamba ambao wamehifadhi ndani ya Kiingereza chao maneno mengi ya Afrika Magharibi na ya Kongo. Huko alifanya kazi katika machimbo ya fosfeti inayosagwa kuwa mbolea. Kazi hiyo ilikuwa ya kuvunja mgongo, lakini Mary Just hakuishia kuchimba. Aliwashawishi wenzake wanunue ardhi badala ya kupanga daima, wakaanzisha mji mdogo wao wenyewe, wakauita kwa jina lake: Maryville. Humo alianzisha shule.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu waandishi wengi wa habari za wanasayansi humtaja mama kwa mstari mmoja kisha wakakimbilia maabara. Mama huyu alijua jambo ambalo mwanawe angekuja kulijua kwa uchungu baadaye: kwamba mtu asiyekuwa na mahali pake huishi kwa hisani ya wengine, na hisani hupunguzwa au kukatwa wakati wowote. Yeye alipata pa kusimama kwa kununua ardhi. Mwanawe aliitafuta nafasi kama hiyo maisha yake yote katika dunia ya elimu, wala hakupewa.

Utotoni Ernest aliugua homa ya matumbo kwa wiki kadhaa. Ilipomwacha ilikuwa imemfutia kusoma na kuandika, mambo aliyokwisha kuyajua. Mama alimfundisha upya mpaka akakata tamaa. Mtoto akaendelea kujikokota mwenyewe hata herufi zikarudi. Akiwa na miaka kumi na mitatu alipelekwa Orangeburg katika chuo cha ualimu cha watu weusi, na mwaka 1900 akaondoka kusini kwenda Kimball Union Academy, shule ya bweni katika jimbo la New Hampshire lenye theluji na watu weusi wachache mno. Mwaka wake wa pili huko alirudi nyumbani kumwona mama. Alifika saa moja baada ya kuzikwa.

Alisoma Dartmouth kuanzia 1903 hadi 1907, na ni katika chuo hicho alipokutana na yai. Alikuwa akisoma habari za namna yai moja linavyogawanyika na kuwa kiumbe kamili, akashikwa, wala jambo hilo halikumwachilia tena. Alihitimu kwa heshima ya juu, na heshima hiyo kwa mtu mweusi wa mwaka 1907 ilifungua mlango wa aina moja tu, yaani kufundisha katika chuo cha watu weusi. Alikwenda Howard, Washington, akaanza kwa kufundisha Kiingereza, kisha akahamishiwa elimu ya viumbe, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara ya zuolojia. Mwaka huo huo alimwoa Ethel Highwarden, mwalimu mwenziwe, wakapata watoto watatu.

Tangu mwaka 1909 Lillie alikuwa amemkaribisha Woods Hole, katika maabara ya viumbe vya bahari iliyoanzishwa mwaka 1888, kuwa msaidizi wake. Kwa miaka ishirini na zaidi Just aliishi maisha ya nusu mbili. Miezi ya masomo alikuwa Washington, mbali na maji ya chumvi, akiwafundisha vijana wengi waliokuja kutafuta udaktari wa tiba. Miezi ya joto alikimbilia pwani. Minyoo haingojei likizo. Kiumbe anayezaa kwa mwezi na kwa joto la maji hutaka mtu aliye tayari pale pale siku yake ikifika, na wenzake wengi wa Woods Hole walikuwa na vyuo vilivyowapa nafasi hiyo. Yeye alikuwa na wiki chache, na katika wiki hizo alifanya kazi usiku na mchana. Mwaka 1916 Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa shahada ya uzamivu. Kiswahili kimeipa shahada hiyo jina la kazi ya mzamiaji, na kwa mtu huyu neno hilo limekaa mahali pake.

Alikuwa akitafuta nini? Jibu fupi ni kwamba alitaka kujua yai hufanya nini mbegu ya kiume inapoligusa. Jibu refu ni lenye utamu zaidi. Wataalamu wengi wa wakati ule walilichukua yai kama mfuko uliolala, mfuko wa kemikali unaongoja kuamshwa. Walilichoma sindano, walilitia katika maji yenye chumvi nyingi, walilitikisa, kisha wakaandika lililotokea. Just aliwauliza swali la fundi: je, yai lenyewe lilikuwa zima kabla hamjaanza? Alijua kwamba yai la bahari huharibika kwa mambo madogo. Kioo kilichooshwa vibaya huliharibu. Maji yaliyokaa yakapata joto huliharibu. Mayai yaliyorundikwa katika bakuli hukosa hewa. Mnyama aliyekaa siku nyingi kwenye tangi hutoa mayai yasiyofaa, na jike asiyeoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi huweza kuwa na mbegu za kiume zilizomng'ang'ania mwilini, zikamdanganya mtafiti aone muujiza pasipokuwa na muujiza. Kabla ya kila jaribio alitenga mayai kadhaa, akayaacha yapate mbegu na kugawanyika kwa kawaida yake, na kama hayakugawanyika vyema karibu yote, aliimwaga kazi ya siku nzima.

Umakini huo ulimpa jina. Watu walikuwa wakienda mezani kwake kuuliza kwa nini mayai yao yanakufa, naye huwaambia, mara nyingine kwa upole na mara nyingine bila upole. Pia ulimpa maadui, kwa maana mtu akishaonyesha kwamba yai la bwana fulani lilikuwa limekwisha kuharibika kabla ya jaribio, huwa ameonyesha pia kwamba kitabu cha bwana huyo kimesimama juu ya mayai mabovu. Jacques Loeb, aliyekuwa miongoni mwa watu mashuhuri kabisa wa elimu hiyo na ambaye hapo mwanzo alimsifu Just, alikuwa mmoja wa wale ambao majaribio yao yalikosolewa naye waziwazi.

Jambo kubwa aliloliona linahusu ngozi ya yai. Wengine walitazama kiini; yeye alitazama ukingo, pale yai linapokutana na bahari. Katika mayai ya kile kiumbe bapa aliye kama sarafu anayejifukia mchangani, ndugu wa yule wa miiba mirefu ambaye mguu wa mwokota kombe unamfahamu vizuri, Just aliona utando ukiinuka kuanzia pale mbegu ilipoingia, ukazunguka yai lote. Tena aliona kwamba kabla ya utando kuinuka, wimbi jingine lisiloonekana kwa macho hutangulia na kupita juu ya yai, na mahali lilipokwisha kupita mbegu ya pili haipokelewi tena. Aliyaeleza hayo mwaka 1919 bila ya chombo chochote cha umeme, kwa hadubini na subira tu. Yai halikuwa mfuko uliolala. Lilikuwa likijibu, likichagua, likifunga mlango. Uso wa seli, kwa maneno yake, si ganda la kuifungia nje dunia. Ndio mahali ambapo kiumbe na dunia yake hufanya mambo yao pamoja, na anayetaka kumjua kiumbe hana budi kumjua pamoja na maji yake.

Hakupatia katika kila jambo. Mapenzi yake kwa uso wa seli yalimfanya aipunguzie haki elimu ya urithi iliyokuwa ikikua kwa kasi wakati ule, na hoja zake za kuutoa urithi katika mikono ya kiini hazikusimama. Lakini katika kukosea kwake alikuwa akitetea ukweli mmoja uliokuwa ukisahauliwa, kwamba seli haiishi peke yake.

Sasa msomaji atajiuliza: mtu wa namna hiyo, mwenye makala zaidi ya 70, alipewa nafasi gani? Tarehe 12 Februari 1915 chama cha NAACP, kilichopigania haki za watu weusi, kilimpa nishani ya Spingarn, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipokea. Alikuwa na miaka 31. Heshima ilikuwa kubwa, lakini nishani haina maabara ndani yake. Hakuna chuo kikuu cha watu weupe kilichomwajiri, wala kituo chochote kikubwa cha utafiti. Kwa miaka mingi aliishi kwa misaada iliyotokana na tajiri Julius Rosenwald na mashirika mengine, misaada iliyokuwa na mwisho, na kila ilipokaribia kwisha alianza tena kuandika barua. Yaliyotumika katika barua hizo ni muda wa mayai. Baadhi ya waliomshauri, watu wasiojiona kuwa na ubaya wowote, walimwambia kwamba wajibu wake ni kuwafundisha watu wake waliokuwa na haja naye, kana kwamba mtu mweusi akikitazama kiumbe cha bahari huwa anawaibia weusi wenzake. Mzungu mwenye kipawa kama chake hakuambiwa arudi kuwafundisha watu wa kijiji chake.

Dhulma ya aina hii ni vigumu kuielezea kwa asiyeijua. Haikuwa na kelele. Pale Woods Hole hakuna aliyemkataza kutumia hadubini. Walimwamkia, walimwuliza, walinukuu makala zake. Kisha jioni ikaja, na wakati wa kula na kuzungumza ukaja, na wakati wa kugawa kazi ukaja, naye akabaki alipo. Lillie mwenyewe, aliyemjua kuliko wengine na kumthamini kwa dhati, hakumtafutia mlango uliokuwa mpana kuliko ule wa Howard. Pengine hakuweza. Pengine alikuwa ameyazoea mambo yalivyo, na mazoea ya mtu mwema hudumu kuliko chuki ya mtu mbaya.

Januari 1929 Just alikwenda Napoli, Italia, katika kituo cha viumbe vya bahari kilichoanzishwa na Anton Dohrn mwaka 1872. Alikuta minyoo iliyo jamaa ya ile ya Woods Hole, akaifuatilia kwa ile ile hesabu ya mwezi. Alikuta pia meza ambayo watu waliketi pamoja naye. Mwaka uliofuata alialikwa Berlin, katika taasisi ya biolojia ya Kaiser Wilhelm, akafanya kazi kama mgeni wa Max Hartmann. Aliporudi Woods Hole mwaka 1930 kuhudhuria sherehe ya kutimiza miaka 60 kwa Lillie, alisema mbele ya watu kwamba udugu alioupata Ulaya kwa muda mfupi ulizidi ule alioupata pale kwa miaka yote. Kisha aliondoka, na hakurudi tena Woods Hole.

Kuna kinaya ndani ya safari hiyo ambacho si haki kukificha. Italia aliyoipenda ilikuwa ya Mussolini, na Ujerumani iliyompa meza ilikuwa karibu kuangukia mikononi mwa Hitler. Mtu mweusi wa Marekani alikuwa akipumua kwa mara ya kwanza katika miji ambayo wengine walikuwa wakianza kukosa pumzi. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika dola hakuendelea na kazi yake huko, akahamia Ufaransa.

Na kuna jambo jingine, zito zaidi, linalomhusu yeye na mwanafunzi wake. Mwanamke huyo aliitwa Roger Arliner Young, jina lililowachanganya wengi waliolisoma bila kumwona. Alikuwa mweusi, maskini, na alikuwa akimlea mama mgonjwa. Just alimwona darasani Howard, akamtia moyo, akamwajiri. Mwaka 1924 jarida la Science lilichapisha makala ya Young kuhusu namna kiumbe wa seli moja anavyotoa maji mwilini mwake, na kuanzia 1927 alifanya kazi na Just Woods Hole majira ya joto, katika mayai yale yale na kwa usafi ule ule. Just alisema hadharani kwamba mikono yake ni hodari. Just alipokuwa Napoli mwaka 1929, Young ndiye aliyebaki kuishika idara, akifundisha na kusimamia kwa mshahara mdogo. Jina lake liliwekwa katika maombi ya fedha kama msaidizi. Katika orodha ya waandishi halikuwekwa.

Mwaka 1930, akiwa amechoka, alishindwa mtihani wa kuendelea na uzamivu Chicago. Baada ya hapo urafiki wao wa kikazi ulianza kuoza. Mwaka 1936 Howard ilimwondoa kazini; sababu zilizotolewa ni kukosa vipindi na kuharibu vifaa. Just hakumtetea. Yule aliyejua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kutumiwa ujuzi bila kupewa nafasi, alimfanyia mwingine jambo linalofanana nalo mno. Wanaomsimulia Just kama shujaa tu huiruka sehemu hii, na wanaomsimulia Young pekee humgeuza Just kuwa jini. Yote mawili ni kulitikisa yai kabla ya kulitazama.

Mwaka 1939 vitabu viwili vya Just vilichapishwa Philadelphia. Kimoja, The Biology of the Cell Surface, kinakusanya fikra zake zote juu ya ukingo wa seli. Cha pili ni kidogo, cha mafundisho ya kazi: jinsi ya kukusanya wanyama, kuosha vioo, kupima joto, kutunza mayai. Mtu mwenye hamu ya kumjua Just angeanza na hiki cha pili. Mwaka huo huo, baada ya kuachana na Ethel, alimwoa Hedwig Schnetzler, Mjerumani msomi wa falsafa.

Walikuwa Roscoff, pwani ya Bretagne, ambako bahari ya bamvua hupwa na kujaa kwa mita nane na zaidi, na miamba isiyo na idadi hubaki wazi na viumbe wake. Kituo cha huko nacho kilianzishwa mwaka 1872, sawa na cha Napoli. Serikali ya Ufaransa iliwataka wageni waondoke, kwa kuwa vita vilikuwa vimekaribia. Just alibaki ili amalize makala juu ya maswali ambayo biolojia bado haijayajibu. Mwaka 1940 Wajerumani waliingia, akakamatwa na kufungwa kambini kwa muda. Aliachiliwa, na Septemba mwaka ule akarejea Marekani pamoja na Hedwig. Mtoto wao wa kike alizaliwa mwaka huo. Just alikuwa tayari mgonjwa kabla ya kufungwa, lakini alirudi kufundisha Howard kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Alifariki Washington tarehe 27 Oktoba 1941 kwa saratani ya kongosho. Alikuwa na miaka 58.

Mwaka 1942 Lillie aliandika taazia katika Science. Alikiri humo kwamba msiba ulipita ndani ya kazi yote ya Just kwa sababu ya mipaka aliyowekewa kwa kuwa mtu mweusi katika Marekani, na kwamba hiyo ndiyo iliyompeleka uhamishoni. Ni maneno ya kweli na yameandikwa kwa huzuni. Yaliandikwa baada ya mazishi.

Baadaye palikuwa kimya. Vitabu vyake havikusomwa. Wanafunzi wa biolojia walifundishwa habari za kuinuka kwa utando bila kuambiwa ni nani aliyekesha akiutazama. Mwaka 1983 mwanahistoria Kenneth Manning alichapisha wasifu wake, Black Apollo of Science, na jina likaanza kurudi. Mwaka 1996 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake. Mwaka 2006 wanabiolojia wawili walimwandika kuwa mmoja wa watangulizi wa elimu inayochunguza makuzi ya kiumbe pamoja na mazingira yake, elimu ambayo leo ina umuhimu wa pekee, bahari zikizidi kupata joto na mayai ya viumbe wengi yakikutana na maji ambayo mababu zao hawakuyajua. Wanaopima madhara hayo hulazimika kuanza na swali lake la zamani: yai hili lilikuwa zima kabla ya jaribio?

Roger Young naye hakuishia pale alipoachwa. Aliendelea kwenda Woods Hole, sasa akifanya kazi na Lewis Heilbrunn wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1940, mwaka ule ule ambao Just alikuwa nyuma ya seng'enge Ufaransa, alipata uzamivu wake. Alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kuupata katika zuolojia. Alifundisha katika vyuo vya watu weusi vya kusini, kimoja baada ya kingine, bila ya maabara ya kufanyia aliyoyajua, na akafariki mwaka 1964. Katika muongo wa 2010 mpango mmoja wa kuwalea vijana wanaoingia katika kazi ya kuhifadhi bahari nchini Marekani, hasa wale ambao milango ya kazi hiyo ilikuwa imefungwa kwao, ulipewa jina lake. Kila mwaka vijana hao hulipwa mshahara, hupewa mlezi, na hutumwa pwani.